Kulevusha Chuma

Vijana wa banda, mliniomba niwaandikie namna ya kutoa kutu kwa vitu vya nyumbani, maana mnasema mkiniuliza kwa mdomo naanza vizuri halafu naishia njiani. Ni kweli. Kuna mahali huwa nafika nanyamaza, na leo nitapita hapo.

Mimi shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo msitafute Kiswahili cha kitabu hapa. Hii ni mara ya tatu naandika. Mara ya kwanza nilisoma nikaona nimejisifu. Mara ya pili nilijilaumu sana mpaka nayo ikawa kama kujisifu. Sasa najaribu kukipa kila kitu uzito wake. Mkiona nimemwonea mtu, semeni. Mkiona nimejihurumia, semeni kwa sauti zaidi.

Nilianza kazi Bungoma, si Kitale kama wengine wenu mnavyodhani. Wazazi wangu walitoka upande wa Mlima Kenya wakapata shamba Saboti, na mimi ndiye mtoto ambaye jembe lilimkataa. Mama alikuwa anauza viazi soko la Bungoma, na mwenzake wa meza ya pili akamwambia kuna mzee nyuma ya soko anatengeneza plau na cherehani, anatafuta mtu wa mkono. Mzee huyo aliitwa Wanyonyi. Siku ya kwanza nilimkuta ameketi juu ya gurudumu la trekta, plau magotini, imeliwa na kutu mpaka inafanana na ugali ulioungua.

"Wewe ndiye mtoto wa Mama Viazi?"

"Ndiyo, mzee."

"Unakunywa?"

"Hapana, mzee. Kwetu hatunywi."

"Afadhali. Hapa anakunywa chuma peke yake, na haiko ya kugawana."

Akanisukumia karai la machicha ya busaa, ile pombe ya unga, yale masalio mama wapishi wanatupa baada ya kuchuja, yakiwa yamekaa siku nyingi mpaka yanakata pua. Ndani yake kulikuwa na vyuma. Kazi yangu ilikuwa kutia mkono, kutoa kimoja kimoja, na kupiga brashi ya waya. Nilitapika kando ya ukuta. Mzee alinisogezea maji ya kunywa, halafu akanisogezea karai la pili.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya pili, na niliisoma kwa miaka kumi na mbili.

Sasa hayo mliyoniuliza. Panga au kisu chenye kutu nyepesi, kata kiazi kibichi, chovya upande uliokatwa kwenye chumvi, sugua. Msicheke. Vitu vidogo kama skrubu, funguo na vyuma vya cherehani, ndimu na chumvi kwa saa chache zinatosha. Kitu chembamba unachokiogopea, tumia yale maji ya maziwa yaliyoganda. Ni mapole na yana polepole ya ng'ombe mwenyewe. Kitu kikubwa, kama wewe si mtu wa haraka, chukua molasi ile tunapatia ng'ombe, kopo moja kwa makopo tisa ya maji, tumbukiza, funika nyuki wasije kufanya mkutano, na uende zako wiki mbili. Molasi inakula kutu na inaacha chuma. Kama ningekuwa mtu wa subira, ningetumia molasi maisha yangu yote, na barua hii ingeishia hapa.

Siki ina haraka. Siku moja, siku mbili, kutu inatoka kama ngozi ya nyoka. Lakini chochote kichachu, iwe siki, iwe ndimu, iwe busaa, lazima kioshwe na maji ya magadi, ile magadi ya kupikia mrenda, la sivyo kutu inarudi kabla hujafika nyumbani. Halafu kausha kwa jua, halafu paka oili. Mafuta ya kupikia yanaganda yakawa gundi, usitumie. Ndoo na vitu vya rangi ya bati usivitumbukize, utavua ile ngozi inayovilinda. Na siki usiichanganye kamwe na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Fundi mmoja hapa Kitale alifikiri mbili ni bora kuliko moja. Tulimtoa nje akiwa ameshika kifua, macho yanatiririka, na kutu yake tuliikuta pale pale imekaa.

Hayo yote mngeweza kuyapata kwa mtu mwingine. Hili linalofuata sijui kama kuna mwingine atawaambia.

Mzee Wanyonyi alikuwa na tabia moja. Chuma kikishatoka kwenye machicha na kuoshwa, alikwaruza pembeni yake kwa tupa. Tupa ikishika, hicho ni chuma laini, anapaka oili, anamwita mwenyewe aje achukue. Lakini tupa ikiteleza kama kwenye kioo, yaani ni chuma kigumu, springi au kisu cha mashine au bolti za trekta, hakukitoa siku hiyo hata mwenyewe alie. Alikipeleka jikoni kwa mkewe na kukizika ndani ya jivu la moto, tangu chai ya asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi. Joto alilipima kwa punje ya mahindi. Ukiitia kwenye jivu igeuke rangi ya chai bila kuungua, hapo sawa. Chuma chenyewe kikigeuka bluu, umezidisha, umekiharibu.

Nilimuuliza kwa nini.

"Kimekunywa," akasema. "Chuma laini kinakunywa, kinakojoa, basi. Chuma kigumu kinalewa. Na kikilewa hakionyeshi, kinasimama wima kama mzee wa kanisa. Ukikibebesha mzigo leo, kinabeba. Kesho, kinabeba. Siku ya tatu kinaanguka na huna habari. Kwa hivyo lazima kilevuke kwanza."

Yeye alisema "kirevuke," maana kwao l na r ni ndugu. Kwetu pia hazikai mbali, kwa hivyo hatukuchekana. Neno lenyewe ndilo lilikuwa neno la kazi pale kwetu. Mteja akija mbio, mzee anamwambia, "Vitu vyako viko jikoni vinarevuka, rudi kesho." Soko lote lilicheka. Hakuna bolti ya Mzee Wanyonyi iliyovunjika nikiwa pale. Pengine bahati. Nasema niliyoyaona tu.

Kuna mwaka wa fujo, majirani walipogeukiana kwa kabila. Mzee alinilaza kwake wiki tatu na kunikataza kutoka hata kuchota maji. Watu walipokuja kuuliza kama ana mgeni, alisema hana mgeni, ana fundi. Sitaandika zaidi. Wako waliofanya kama yeye pande zote, na wako waliofanya kinyume pande zote.

Alipokufa nilirudi upande wa nyumbani, nikafungua banda Kitale, hili mlilonikuta nalo. Baada ya muda nikaokoka. Niko kanisani mpaka leo na sijuti. Lakini lazima niandike ilivyokuwa. Mtu aliyeokoka hawezi kutuma mtu kwa mama pima, yule muuza pombe, kuchukua machicha ya busaa kila Jumatatu. Niliacha machicha, nikaanza kununua siki dukani. Hiyo haikuwa na ubaya, siki ni safi na inafanya kazi ile ile. Ubaya ni kwamba pamoja na machicha niliacha lile neno. Sikutaka kusikika nikisema chuma kimelewa, bolti inalevuka. Ndugu wa kanisa walikuwa wanapita bandani. Nilikuwa shemasi. Mchungaji hakuwahi kunikataza neno lolote, hata hakulijua. Ni mimi niliona aibu.

Na nilipoacha kulisema, nikaacha kulifanya. Sikuamua. Hakuna siku nilikaa nikasema, kuanzia leo sitazika chuma jivuni. Ilikuwa tu hakuna neno la kumwambia mteja asubiri, basi mteja akachukua mali yake siku hiyo hiyo. Mke wangu naye alipata jiko la gesi, jivu likaisha nyumbani. Miaka ikapita bila kitu kuvunjika, kwa sababu vyuma vingi vinavyoletwa ni laini. Nikaona mzee alikuwa na mambo ya kizamani. Hata nilimsimulia kama kichekesho mara moja, ati palikuwa na mzee alikuwa analaza bolti kwa pombe halafu anaziamsha. Watu walicheka, na mimi nikacheka na wao.

Sasa nafika pale ninaponyamaza.

Miaka tisa imepita. Ilikuwa kiangazi, watu wanakata mabua ya mahindi kulisha ng'ombe. Akaja kijana mmoja, Barasa, aliyekuwa anaendesha mashine ya kukata majani kwa mfugaji mmoja wa Endebess. Hiyo mashine mnaijua, ina gurudumu zito linalozunguka na visu vimefungwa juu yake kwa bolti. Bolti za zamani zilikuwa zimelika, na Barasa akaniletea nne nyingine alizozifungua kwenye trekta bovu lililolala nyuma ya boma. Zilikuwa na kutu ya miaka.

"Fundi, si tununue tu mpya?" akasema. "Bosi atanung'unika lakini atatoa."

"Mpya za siku hizi ni laini kama sabuni," nikamwambia. "Hizi ni ngumu. Ukizisafisha zitakuzika wewe na mimi."

Nilisema hivyo hivyo. Sikumbuki vizuri maneno mengi ya mwaka ule, hayo nayakumbuka.

Nikazilaza kwenye siki siku mbili. Zikatoka kijivu, safi, nyuzi zake unaweza kuhesabu. Nikazipitisha kwenye magadi. Nikakwaruza moja kwa tupa, na tupa ikateleza. Hapo nilimkumbuka mzee. Sitaki mdhani nilisahau. Nilimkumbuka kabisa, nikafikiri itabidi nitafute jivu kwa jirani, na jirani ataniuliza ni la nini, na mimi shemasi nitajibu nini, ninalevusha bolti? Nikatabasamu peke yangu. Nikapaka oili, nikampa Barasa. Hakuna aliyeniharakisha. Barasa mwenyewe aliuliza kama ziko tayari au arudi kesho. Nikamwambia achukue.

Alizifunga siku ile. Siku ya nne asubuhi, mashine ikiwa kazini, bolti moja ilikatika shingo. Kisu kikageuka, kikapasua kifuniko, kikamkuta mama aliyekuwa anatia mabua, Nanjala, kwenye mkono wa kulia chini ya kiwiko. Hospitali waliokoa maisha yake. Mkono hawakuuokoa.

Wiki moja baadaye niliitwa Endebess kwenye kikao. Tulikaa ndani ya zizi tupu la ndama kwa sababu ya jua: naibu wa chifu, mwenye boma, ndugu za Nanjala, majirani, Barasa na mimi. Nanjala alikuwa bado wodini. Mwenye boma alisema bolti ilikuwa haijakazwa, ikalegea, ikacheza mpaka ikakatika. Si mtu mbaya. Alilipa hospitali bila kuombwa, na aliamini alichosema.

"Nilikaza," Barasa akasema. "Nilikaza mpaka spana ikalia."

"Ulikaza na simu sikioni!" kaka yake Nanjala akasema, na watu wakaguna, kwa sababu Barasa kweli alikuwa mtu wa simu.

"Simu na spana wapi na wapi, bana? Kwani nina mikono ngapi?"

Alijua amesema vibaya kabla hajamaliza.

Wakanipa ile bolti mkononi niiangalie kama fundi. Nawaambia nilichoona. Bolti iliyolegea ikacheza, nyuzi zake zinapondeka na shingo inang'aa upande mmoja kwa kusuguana. Hii nyuzi zilikuwa kama nilivyozitoa. Mahali ilipokatika palikuwa tambarare, panameta chembe chembe kama sukari, haikuvutika hata kidogo. Ilikatika kama kijiti kikavu. Kwa hivyo niliona mambo mawili nikiwa nimesimama pale: Barasa alikuwa amekaza, na chuma kilikuwa kimelewa.

Naibu wa chifu akaniuliza, "Fundi, bolti hizi zilitoka kwako zikiwa nzima?"

Nikajibu, "Zilitoka kwangu zikiwa safi."

"Mmesikia," akasema.

Aliuliza nzima, mimi nikajibu safi. Hakuna aliyegundua. Si uongo, zilikuwa safi. Nimelipima jibu hilo miaka tisa na kila mara naona lilivyotengenezwa vizuri, pengine ndicho kitu nilichotengeneza vizuri kuliko vyote.

Barasa alifukuzwa siku ile. Ndugu za Nanjala walimngoja njiani, akapita shambani, akarudi kwao Bungoma.

Nataka kuwa wa haki hata kwa hiyo bolti. Huenda ilikuwa na ufa wa tangu trekta. Huenda ingekatika hata kama ingelala jivuni wiki nzima. Kwa sababu hiyo, mwaka uliofuata nilifanya jaribio. Nilitafuta bolti sita ngumu za trekta la aina ile ile, nikazilaza zote kwenye siki siku mbili. Tatu nikazizika jivuni kutwa nzima, tatu nikazipaka oili tu. Nikazikaza zote kwenye kipande cha reli, nguvu ile ile, nikakiweka kwenye kona ya banda. Siku ya tatu mchana nikiwa nakula githeri, nikasikia tak! Hakuna aliyekuwa karibu. Kichwa cha bolti moja kilikuwa kimeruka mpaka mlangoni. Ilikuwa ya zile za oili. Mbili nyingine za oili hazikuvunjika, na za jivu zote tatu hazikuvunjika. Moja kati ya tatu. Hiyo si hukumu kamili, lakini pale penye mkatiko palimeta kama sukari, na githeri ilinishinda.

Tangu siku hiyo nilirudi kwenye jivu. Ninyi mlionikuta mliona nikilipia jivu kwa yule mama wa chapati na mkadhani ni mzaha wa mzee. Nilirekebisha kazi, mdomo nikauacha vilevile. Mwanzo niliogopa wateja. Halafu niliogopa kanisa. Halafu hata woga uliisha, ikabaki tu kwamba sijasema, na kila mwaka ulikuwa mwaka mmoja zaidi wa kueleza.

Mwezi uliopita nilipofunga banda kwa sababu macho hayaoni tena vizuri, nilikwenda Bungoma. Barasa nilimkuta anauza viatu vya mitumba, amenenepa kidogo, mvi upande mmoja. Alinitambua mara moja.

"Wewe ni yule fundi wa Kitale."

"Ni mimi."

"Umekuja kununua viatu ama umekuja kunitafuta?"

"Kukutafuta."

Alimwachia jirani meza, akanipeleka kwake. Mkewe akawasha jiko. Nikamweleza yote, siki, tupa, jivu, yale niliyoona kwenye bolti nikiwa zizini. Sikujipamba. Alinisikiliza akiangalia sakafu, na nilipomaliza hakuuliza juu ya siki wala jivu.

"Kwa hivyo nilikaza," akasema.

"Ulikaza."

"Sema tena."

"Barasa, ulikaza. Nyuzi zilikuwa nzima."

"Kwa sababu mimi mwenyewe nilishaacha kujua," akasema. "Mwanzo nilikuwa najua. Halafu watu wakisema, wakisema, nikaanza kuona nikifunga ile bolti na simu sikioni. Naiona kabisa. Hata rangi ya simu. Na siku hiyo simu haikuwa na chaji, bana."

Mkewe akasema kutoka kwa jiko, bila kugeuka, "Huyu hafungi mtungi wa gesi. Ni mimi nafunga. Baiskeli ya mtoto ikilegea anaita jirani. Ati mkono wake haukazi."

Nikasema pole. Hilo neno lilianguka pale katikati ya chumba na hakuna aliyeliokota.

"Nanjala anajua?" Barasa akauliza.

"Bado."

"Umeanza na mimi."

"Ndiyo."

"Kwa sababu mimi ni rahisi. Mimi nina mikono miwili."

Nilitaka kukataa, halafu nikaona ni kweli. Niliondoka kabla chai haijaiva, na hakunizuia.

Siku ya pili nilikwenda Endebess. Nanjala nilimkuta barazani anachambua maharagwe kwenye ungo uliolala mapajani, kwa mkono wa kushoto, upesi kuliko mimi na yangu miwili. Mkono wa sweta wa kulia umefungwa fundo. Nilieleza tena. Yeye alinikatiza kila mara.

"Hiyo jivu ni ya bei gani?"

"Ni bure, mama. Ni jivu tu."

"Na ingechukua muda gani?"

"Siku moja."

Akachambua kidogo.

"Waliniambia kwamba kwenye kikao fundi alisema bolti ilikuwa nzima."

"Nilisema ilikuwa safi."

Aliacha maharagwe. Nilidhani atalia au atanitukana, nilikuwa nimejitayarisha kwa yote mawili. Akasema, "Mama yake Barasa alikufa mwaka juzi. Tulikuwa tunasali naye kanisa moja kabla hawajahama. Sikwenda matanga. Nilisema, aliyezaa yule, nimzike mimi?" Akasogeza ungo. "Hiyo nayo ni yako."

"Ni yangu."

"Utarudi Jumamosi. Nitawaita walewale wa kikao. Utasema mbele yao, na ukisema safi nitakutoa mimi mwenyewe."

Jumamosi nilirudi. Mwenye boma alikuwa ameshauza ng'ombe akahamia Suam. Walimpigia simu, akasikiliza, akasema sawa. Naibu wa chifu alistaafu kama mimi, alikuja na fimbo. Kaka yake Nanjala alikuwepo, na majirani, na watu wazima kadhaa ambao wakati ule walikuwa watoto. Barasa alikuja. Nanjala ndiye alimpigia. Alisimama karibu na lango, hakuketi alipopewa kiti.

Nilisema. Nilisema bolti haikuwa nzima, kwamba nilikuwa na njia ya kuifanya iwe nzima na niliionea haya. Nilisema niliona zizini kwamba Barasa alikaza na nikanyamaza. Nilieleza pia habari ya ufa wa trekta na ile moja kati ya tatu, kwa sababu ndiyo kweli yote, na kaka yake Nanjala akasema, "Hata sasa anatafuta kichochoro." Pengine. Nilipoketi, yule naibu wa zamani alisema jambo moja tu, kwamba angepaswa kuuliza mara ya pili. Kaka yake Nanjala aliinuka akatoka, akampita Barasa langoni bila kumwangalia. Mtu aliyezoea kumchukia mwenzake miaka tisa hawezi kuacha kwa mchana mmoja, nami simlaumu.

Nanjala akamwendea Barasa. Kwetu hatusalimiani kwa mkono wa kushoto, mnajua, ni kumtusi mtu. Yeye alinyoosha wa kushoto kwa sababu ndio anao. Barasa alitoa wa kulia, akaurudisha, akasimama kidogo hajui afanye nini na mikono yake. Halafu akatoa wa kushoto. Walishikana hivyo kwa muda, vibaya, kama watu wanaojifunza. Sikusikia walichosema na si langu kusikia.

Mimi hakuna aliyenipa mkono, wala sikuutarajia. Waliniletea chai, kwa sababu mgeni hupewa chai. Nikainywa yote, nikarudisha kikombe, nikaanza kutembea kwenda barabarani.